Mahali pa Kuwatembeza Watoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa chaki. Mkuu wa chekechea ya shamba la chai lililoniajiri, huko juu ya Kericho, alinionyesha watoto waliokaa kwenye sakafu ya simiti wakati wazazi wao wakichuma chai. Akasema, "Kusoma watasoma. Lakini wakikaa hapa kutwa nzima watadumaa akili. Nitafutie mahali pa kuwatembeza."

Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ikawa kazi ya maisha yangu.

Ninyi walimu mnaoanza sasa, jueni kwamba mtu mzima hutembea ili afike, lakini mtoto hutembea ili asimame. Atasimama kwa konokono, kwa dimbwi, kwa jani lenye tundu. Kwa hiyo njia yake iwe fupi, na iwe na mambo. Kila njia niliipita kwanza peke yangu, kisha nikairudia nikichuchumaa hapa na pale, maana kwa kimo cha mtoto mstari wa chai ni ukuta. Nilitafuta njia ya mzunguko, ile inayokurudisha nyumbani kwa upande mwingine, kwa sababu mtoto akipitishwa tena alikotoka huanza kulia abebwe. Nilimuuliza supavaisa wa shamba ni sehemu gani imenyunyiziwa dawa, nikakagua siafu. Siku ya kwenda tulishika kamba yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake.

Njia yangu bora ilianzia nyuma ya nyumba za wafanyakazi, ikakata chai, ikashuka kwenye kijito kilichoachiwa ukanda wa msitu wa asili. Darasani nilikuwa na mtoto aliyeitwa Akinyi. Mama yake, mchumaji, alikuwa ametoka upande wa ziwa. Akinyi hakuwa amenena neno tangu aletwe, hata mama yake alikuwa ameanza kuogopa. Tulipofika kwenye daraja la magogo, mbega, kima mweusi, alivuka juu yetu, manyoya yake meupe yakining'inia mgongoni. Akinyi akaachilia kamba. "Mwalimu! Amevaa shuka!"

Jioni mama yake alikuja mlangoni na kikapu cha kuchumia bado mgongoni. "Nimesikia ameongea," akasema, akamkumbatia Akinyi. Tangu siku hiyo Akinyi ndiye aliyeshika fundo la mbele.

Kisha mashine za kuchuma zikaletwa. Meneja wa shamba aliniita ofisini, na sitasema alikuwa mtu mbaya.

"Mwalimu, mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Wachumaji wakienda, watoto wanaenda. Chekechea nitaiweka ya nani?"

"Na ile njia, bwana meneja?"

"Njia gani?"

Hakuijua. Tulikuwa tumepita chini ya dirisha lake miaka yote hiyo tukiimba.

Siku ya kuhama, mama Akinyi alikuwa akipandisha godoro kwenye lori. Akinyi alinishika sketi. "Mwalimu, kule tunaenda kuna mbega?" Nilimtazama mama yake, naye akatazama chini. "Panda, mtoto wangu," mama akasema. Lori likaondoka. Sijui kama huko alikokwenda aliendelea kuongea. Sikupata mtu wa kumuuliza.

Nilipata kazi katika shule ya kibinafsi karibu na Kaplong. Huko nilipata njia ya kupita kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa, ambapo ndama walilamba mikono ya watoto. Haikudumu. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia wazazi wamelalamika. "Wanasema walileta watoto wasome, si wafuate ng'ombe. Madam, mimi nitawajibu nini?" Tukarudi ndani.

Mwisho nilihamia chekechea ya Boito, karibu na nyumbani kwangu. Mzee mmoja jirani alitupa ruhusa ya kushuka hadi kwenye chemchemi yake, mahali penye vyura na majani ya mikuyu. Mzee alipofariki, wanawe waligawana shamba, wakapanda blugamu, miti inayokunywa maji mengi, na kuzungushia seng'enge. Chemchemi ikakauka. Nilimwendea mtoto wake mkubwa.

"Mimi sina shida na watoto, mwalimu," akasema. "Lakini mmoja akianguka hapa, si nitashtakiwa mimi?"

Nikarudi shuleni. Miaka yangu ya mwisho nilizungusha watoto kwenye uwanja wa shule, wakitazama migongo ya wenzao. Nikastaafu hivyo.

Mwezi uliopita alinijia mwalimu kijana aliyeshika nafasi yangu. "Kogo," akaniita, kama tunavyowaita nyanya zetu, "nimeambiwa wewe ndiye unajua njia za watoto." Moyo wangu ulishtuka kwa furaha. Nilivaa gambuti, tukatoka asubuhi hiyohiyo. Tulijaribu upande wa ile chemchemi, tukakuta seng'enge. Tulijaribu upande wa juu, tukakuta blugamu tupu, ardhi kavu isiyo na hata sisimizi. Njia iliyobaki ilikuwa ukingo wa lami. Lori la majani ya chai lilipita kwa kasi, nikamvuta mwenzangu mkono kama mtoto wa chekechea.

Tulisimama pale. Nilimwonyesha kwa kidole kila njia ilipokuwa, na baada ya kila moja ilinibidi niseme imefungwa.

"Sasa mimi niwapeleke wapi?" akauliza.

"Sijui, mwalimu."

Alinisindikiza hadi kwangu. Langoni alinishukuru kwa heshima, akasema nisijali, simu yake ina video nzuri za msitu, atawaonyesha watoto darasani.

Nilimwambia ni sawa. Si sawa.