Andika Jua, Uweke Sahihi

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya hali ya hewa hapa Kakamega. Msaidizi wa mheshimiwa mmoja akaingia, akamwambia mama mtabiri: "Madam, hiyo mvua ya Jumamosi toa kwa ripoti. Mkubwa ako na mkutano Lubao, watu wataogopa kukuja."

Mama hakupandisha sauti. Alimsukumia fomu ya utabiri na kalamu.

"Andika jua, halafu uweke sahihi yako. Mahindi ya watu ikinyeshewa ikiwa imeanikwa kwa turubai, wanakujanga kwangu kulalamika. Hii sasa watakuja kwako."

Bwana akaitazama kalamu, akalitazama wingu dirishani, akatoka bila kuaga.

Mvua ikabaki kwenye ripoti. Nami, kila mkubwa anayetuahidi jua, sasa namsukumia kalamu aweke sahihi.