Kisanduku Kilichonizimikia Vingunguti

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kulificha hilo. Nyingi huja na kuondoka kabla chai haijapoa. Hasira ya kisanduku kile haijanitoka mpaka leo, wala siombi initoke.

Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia kutoka Dubai bila kificho. Nilikuwa mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu pale Temeke, na mchana nilikuwa fundi redio katika kibanda cha mabati pamoja na rafiki yangu. Tulifundishwa ufundi na mwalimu mmoja, tulikula sahani moja, na siku nilipooa ndiye aliyenisindikiza kwenda kwa bibi harusi. Yeye naye alipiga kinanda, lakini nafasi yake ilikuwa ya kungoja niumwe.

Kinanda chetu kilikuwa cha zamani, kinalia kama kichezeo cha watoto. Mlezi wa kikundi, mama mmoja mwenyeji wa palepale tuliyemwogopa na kumpenda, akatuagizia kisanduku cha sauti. Unakiunganisha na kinanda kwa waya. Ukibonyeza hapa inatoka fidla, ukibonyeza pale inatoka akodiani. Kikundi kikaanza kugombewa kwa sauti zile. Nami nikipita mtaani naonyeshwa kidole, yule ndiye wa kisanduku. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mtu.

Siku moja kikagoma kuwaka, nami wakati huo nimelala hoi kwa malaria. Rafiki yangu akaja kunijulia hali.

"Tulia upone, braza," aliniambia. "Kisanduku nakipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo. Vitu hivi mie na wewe tutaviharibu tu."

Kilirudi kinalia. Nilimshukuru mbele ya mke wangu, nikamwombea na dua.

Harusi iliyofuata ilikuwa Vingunguti. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Wa pili, mama mzazi wa bibi harusi akainuka kumtunza mwimbaji noti, kina mama wamemfuata nyuma, khanga zinapepea, mwimbaji amemgeukia yeye mwenyewe. Kisanduku kikazima. Nikagusa waya, kikarudi. Ngoma ikapigwa, mbao za jukwaa zikatikisika, kikazima tena. Mwisho mwimbaji akabaki anaimba peke yake na ngoma, na yule mama akasimama katikati ya watu hajui aende mbele au arudi. Akarudi kukaa. Mtu aliyeinuka kutunza kisha akarudi na tunzo lake mkononi ni aibu ambayo ukoo mzima utaisimulia, na wote walikuwa wananitazama mimi.

Tulipokutana kikundini, mlezi aliuliza kimetokea nini. Rafiki yangu ndiye aliyejibu, macho yake yako chini.

"Mama, fundi wa Kariakoo alinambia kitu kizima kabisa. Ishu ni mpigaji. Anachomoachomoa waya huku umeme unawaka."

Mlezi akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko ukali, "Mwanangu, pumzika kidogo. Mwenzio atashika kinanda."

Nikamwomba nikakitazame kisanduku kabla ya mazoezi ya Alhamisi. Akakubali, ila akasisitiza siku hiyo kiwepo, mwenzangu atakitumia.

Nilikifungua kibandani mchana, rafiki yangu ametoka. Kwanza nilikiwasha, nikavaa spika za masikioni, nikawa nakigongagonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Upande wa kushoto, sauti safi. Katikati, safi. Nilipofika kwenye tundu la kuingizia umeme, sauti ikakatika. Nikaigeuza bodi yake juu chini nikaliona tatizo. Mguu mmoja wa lile tundu ulikuwa umelehemewa vibaya mno: risasi ya kulehemu imeganda kama uji uliomwagika, ya kijivu, imeuzunguka mguu bila kuushika. Ukitazama karibu unauona ufa. Njia ya shaba chini yake ilikuwa imebanduka kwa kuunguzwa, na mtu alikuwa ameiunga kwa uzi mmoja wa waya wa spika.

Kando ya risasi kulikuwa na gamba la rangi ya asali iliyoungua. Nikalikwangua kwa ukucha, nikanusa.

Ulikuwa ulimbo wa fidla. Mafundi wa Kariakoo walikuwa na risasi za kisasa zisizohitaji kupakwa kitu. Sisi tulizoea shida ya zamani: tunatumia risasi ya mafundi bati, na ili ishike tunaipaka vipande vya ulimbo ambavyo mpiga fidla wetu alikuwa akitugawia vikimvunjikia, ule anaopaka kwenye upinde wake. Sijawahi kusikia fundi mwingine mjini aliyefanya hivyo. Kisanduku hakikufika Kariakoo. Kilifunguliwa pale pale kwenye meza yangu, na aliyekiharibu alijua kilipoharibika wakati ananipaka matope mbele ya watu.

Nililia. Halafu nikafanya alichonifundisha mwalimu wangu, kwamba kitu hakifungwi na ubovu ndani. Nikatoa ile risasi yote, nikausugua ulimbo kwa spiriti mpaka bodi ikang'aa, nikaweka waya mpya, nikalehemu upya. Nikakigonga kila upande. Kikalia tu.

Alhamisi nilikipeleka, nikasema yote mbele ya kikundi: mguu, ufa, ulimbo. Mlezi akavaa miwani, akataka kuona. Nikafungua. Akaona bodi safi, kazi nzuri.

"Mbona pazuri hapa?" akauliza.

"Nimepatengeneza, mama," nikasema, na papo hapo nikajua nimefanya nini.

Nikamgeukia rafiki yangu. "Sema wewe basi. Nani alifungua hiki?"

Alinitazama machoni, safari hii bila kukwepa. "Braza, mie sijawahi kukifungua."

Akakichukua mikononi mwangu, akakifunga, akakichomeka, akakaa kwenye kiti changu. Mpiga ngoma akaingia kwa nguvu, mbao zikatikisika, kina dada wakacheza. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, sauti haikukatika hata kidogo.

"Mmeona?" mlezi akawaambia wenzangu, bila ubaya wowote. "Kwa huyu hakizimi."