Jeneza la Mwenyekiti Aliye Hai

Naona aibu kulisema hili, lakini wengine watawasimulia kwa kuongeza chumvi, bora mnisikie mwenyewe. Mimi ndiye niliyetangaza msiba wa mwenyekiti wetu wa mtaa hapa Nsemulwa, Mpanda, akiwa hai, mimi mwenye diploma, niliyerudi kutoka Dar na kujenga nyumba ya sakafu ya vigae bila kusaidiwa na mtu.

Bomba la mtaa lilikuwa kavu wiki ya tatu, na mwenyekiti kila ukimuuliza anasema linashughulikiwa. Nikaona watu wetu hawajui kudai haki (diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, haya mambo nimeyasomea). Nikachongesha jeneza, nikaandika jina la mwenyekiti ubavuni kwa rangi nyeupe, nikapata waendesha bodaboda wanne wa kubeba, tukaanza safari ya ofisi ya mtaa. Wasiwasi sikuwa nao, maana mwenyekiti ni mtani wangu wa kabila, na watani huku wanatukanana hata msibani.

Sasa nyie mnajua jeneza likipita Mpanda inakuwaje. Pikipiki zikazimwa, wauza nyanya wakasimama, wanaume wakavua kofia na kuja kupokezana kubeba, na mimi, badala ya kusema haya ni maandamano, nikafurahi kwamba wananchi wameniunga mkono. Mama mmoja akasoma jina, akaangua kilio, wengine wakadakia, na kilio kikatutangulia hadi kwa mama yake mwenyekiti, Bi Kalinde, aliyenilisha ugali miaka yote ya sekondari, na nyumba yake iko njia hiyohiyo ya ofisini. Tulimkuta ameanguka mlangoni, wanampepea kwa kanga.

Mwenyekiti akafika mbio, ana matope hadi magotini na spana mkononi (kumbe alikuwa mtaroni na mafundi wa maji). Mama yake akazinduka, akampapasa uso, kisha akaniita. Nikajitetea kwamba mimi ni mtani, nina uhuru wa kusema.

“Mwanangu, bomba ungelisema mpaka koo likauke, nani angekuzuia?” akasema taratibu. “Mtani anatania kifo kikishafika. Wewe umeniletea.”



Maji yalitoka jioni ileile. Seremala aliyelichonga amekataa kulipokea tena jeneza, kulichoma wanasema mkosi, kwa hiyo limekaa sebuleni kwangu juu ya vigae, na mke wangu amehamia kwa dada yake. Nikienda bombani wananiuliza marehemu anaendeleaje. Kusema siachi, ila kuanzia sasa nitasemea mkutanoni, kwa mdomo, mikono mitupu.