Matamko ya Spika

Sauti yake ilikuwa inafika kabla yake, ndiyo maana watu walimwita Spika. Alikuwa mpiga mnada. Alipanda juu ya jukwaa la mbao katika ghala la samani zilizotumika, akauza kabati lililopinda mguu kana kwamba limetoka kwa seremala jana. Wapo waliokuja bila nia ya kununua hata kigoda, wakasimama tu mikono nyuma wamsikilize. Mkewe, Mama Pacha, alipenda kusema kwamba redio ya nyumbani kwao ilikufa kwa wivu.

Jumamosi alasiri, ghala likishafungwa, Spika alikwenda kwa mdogo wake, mpiga chapa, mwanamke mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi na vitabu vya risiti. Nyuma ya duka kulikuwa na meza ndefu ya kukunjia karatasi, na juu ya meza hiyo, wakinusa wino mbichi, walicheza mchezo wao wa hadithi. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Mwenye meza anawaeleza wako wapi na kuna hatari gani mbele yao. Wao wanasema wanafanya nini. Dadu zinarushwa kuamua kama wamefaulu. Mwenye meza alikuwa mpiga chapa. Barafu, fundi wa majokofu, alikuwa askari wa upanga mwenye kujua ajabu mbili tatu za moto. Spika alikuwa mjuzi, mzee wa ndevu na fimbo. Neno uchawi walilikwepa, maana kuta za duka zile zilikuwa nyembamba na majirani wana masikio. Waliuita tamko.

Mwanzoni walifuata kitabu cha mchezo kama kilivyo, na kitabu kilisema mtu arushe dadu tu. Siku moja Barafu, mdomo umejaa karanga, akasema, "Natumia tamko la moto," akarusha.

"Subiri kwanza," Spika akamzuia. "Ndiyo umelitamka hivyo?"

"Kitabu kinasema nirushe dadu."

"Kitabu kimeandikwa na watu wasiotujua. Moto gani unawaka kwa mtu anayetafuna? Uambie kitu huo moto! Ubembeleze!"

"Haya, wewe ungeubembeleza vipi?"

Spika akasimama, akaubembeleza kwa beti nne papo hapo, Barafu akasahau kumeza. Ndipo zikazaliwa sheria zao za nyumbani, ambazo mpiga chapa alizichapa kwa herufi nene akazibandika ukutani. Tamko litamkwe kwa mdomo wa mwenyewe, mistari miwili yenye vina. Mtu asimaliziwe. Likikwama, linamrudia aliyelianza.

Mchezo ukanoga. Barafu akawa anatunga vina huku kichwa kiko ndani ya jokofu la mteja, na mteja mmoja alimuuliza kwa upole kama gesi imempanda kichwani. Spika hakukwama hata siku moja. Alizipenda sheria hizo kama mtu anavyopenda kiatu kilichoshonwa kwa mguu wake.

Kiharusi kilimkuta juu ya jukwaa. Alikuwa anauza meza ya chakula, bei imepanda vizuri, akasema, "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" halafu akanyamaza. Watu wakasubiri. "Sabuni," akasema. Wakacheka, wakadhani ni mbwembwe zake. Akatikisa kichwa, akajaribu tena: "Sabuni. Sabuni." Kisha akaketi taratibu pale pale jukwaani, mkono wa kulia umelegea, na kicheko kikaisha.

Hospitalini daktari alimweleza Mama Pacha kwamba akili ya mumewe ni nzima na anaelewa kila kinachosemwa. Kilichoharibika ni mlango wa kutokea maneno. Kweli ilikuwa hivyo. Akitaka maji anasema sabuni, akitaka blanketi anasema sabuni, na yeye mwenyewe anasikia kwamba amekosea. Hilo ndilo lililomuumiza. Aliporudi nyumbani hakutaka wageni. Hodi ikisikika, anageuza uso kwenye ukuta. Mguu ulipata nguvu, mkono ukaanza kushika kikombe, lakini mdomo aliufunga kwa hiari yake.

Mdogo wake alivumilia, kisha Jumamosi moja akaja na Barafu bila kupiga simu. Wakasogeza kochi, wakatandaza ramani ya mchezo kwenye meza ya sebuleni.

"Wifi, huyu hataki watu," Mama Pacha alinong'ona.

"Sisi si watu, wifi. Sisi ni ndugu zake." Akaketi mbele ya kaka yake, akatoa kadi alizochapa duka zima likiwa limefungwa, nzuri, zenye picha: moto, upepo, lango, ngao. "Kaka, sheria ya kutamka nimeifuta. Wewe onyesha kadi tu, kazi imekwisha."

Spika aliziangalia kadi. Akazikusanya kwa mkono wa kushoto, akazisukuma zote zikaanguka sakafuni.

Mama Pacha akainama kuziokota, Spika akamshika bega aziache. Kisha akamkazia macho mdogo wake, akajigonga mdomoni kwa kidole: hapa. Kwa mdomo wa mwenyewe.

"Unataka sheria zibaki?" dada yake akauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

Wakacheza. Walikuwa pangoni, popo wanawashambulia. Zamu ya Spika ilipofika akajiinua kidogo kwenye kiti, akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamtoka. "Sa..." akasema. "Sabu... sabuni!" Barafu akatazama dari. Mpiga chapa alimwonea huruma, na angeweza kusema haidhuru, kaka, tuseme limefaulu. Lakini aliona jinsi kaka yake anavyomtazama.

"Limekwama," akasema. "Linakurudia. Moto umeshika ndevu zako zote, umepanda kichwani, umemaliza. Mjuzi hana hata unywele. Kichwa kinang'aa mpaka popo wanajiona."

Spika akaanza kutikisika mabega. Mama Pacha akakimbia kutoka jikoni akidhani ni shambulio jingine. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamwagika, na Barafu akacheka kwa sababu yake, na Mama Pacha akasimama mlangoni na mwiko mkononi akilia na kucheka kwa pamoja. Tangu jukwaani siku ile, kila mtu alikuwa amemsamehe kila kitu. Huyu mmoja alikuwa amemchoma ndevu.

Baada ya hapo alikubali kwenda kwa mtaalamu wa usemi, dada mmoja mpole wa kliniki ambaye Spika alikuwa amemkataa mara nyingi kabla. Siku ya kwanza mtaalamu aliuliza angependa kuweza kusema nini. "Wengi huchagua maji, au jina la mtoto," aliwaeleza. Spika akamtazama mdogo wake, akarusha dadu za hewani kwa vidole. Ikabidi mpiga chapa, kwa aibu kidogo, aeleze habari za pango, popo na matamko yenye vina.

Mtaalamu hakucheka. "Yana vina? Basi vizuri sana," akasema. "Mwenye shida hii wakati mwingine huweza kuimba neno asiloweza kulisema. Niandikieni moja fupi."

Wakaanza. Alimshika Spika mkono wa kushoto, akaugongesha taratibu mezani, akiyavuta maneno kwa sauti ya juu na ya chini kama mtu anayembembeleza mtoto. Kwanza Spika aliguna tu na tuni. Kisha silabi moja ikajitokeza, siku nyingine neno zima. Zilikuwepo pia siku za sabuni tupu, akarudi nyumbani amenuna, Mama Pacha akamwekea chai bila kumwuliza. Kesho yake akarudi kliniki.

Jumamosi iliyofuata mvua za kwanza, wachezaji walikwama mbele ya lango la ngome. Upanga wa Barafu ulikuwa umevunjika. Zamu ya mjuzi mwenye upara ikafika. Spika akafumba macho, akaanza kugonga meza kwa mkono wa kushoto, na kwa sauti iliyokwaruza lakini iliyokuwa yake, akaimba:

"Lango la mawe, lango la chuma,
fungua mbele, funga nyuma."

Barafu akainua mkono. "Mimi naomba ufafanuzi. Sheria inasema kutamka. Haikusema kuimba."

"Shemeji, huna haya?" Mama Pacha akang'aka.

Lakini Spika alikuwa anatabasamu kwa meno yote, anamwashiria Barafu aendelee. Alikuwa na kesi! Watu walikuwa wanabishana naye! Barafu akatetea upande wake, Spika akamjibu kwa mikono na nyusi, na mwisho mpiga chapa akahukumu kwamba kuimba ni kutamka, tena kuna kazi zaidi. Dadu ikarushwa. Ikaleta namba ndogo. Lango likafunguka upana wa mtu mwembamba tu, wakapita kiubavuubavu, Barafu akaacha ngao nje.

Spika hakurudi kupiga mnada. Ghala lilimpa kazi ya kukagua samani kabla hazijauzwa, kugonga mbao na kuvuta droo, nayo aliifanya kwa macho na mkono wa kushoto. Maneno yalikuja machache machache, mengi kwa wimbo.

Mama Pacha, aliyezoea kuuita mchezo ule utoto wa watu wazima, siku moja alivuta kiti akasema na yeye anataka mtu wake. Akachagua mwizi. Zamu yake ya kwanza kabisa alirusha dadu akaiba fimbo ya mjuzi.

"Mwizi!" Spika akapiga kelele.

Hakuimba. Hakugonga meza. Neno lilitoka lenyewe, zima, kwa ile sauti ya ghalani, na jirani akachungulia dirishani kuuliza mwizi amekimbilia wapi.

"Yuko hapa," Mama Pacha akajibu, akijifuta macho kwa kanga. "Baba Pacha, hebu niite tena."