Majina Mawili ya Fundi Boila

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu cha kufungulia bahasha, mhuri wa kupokelea barua na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Ilikuwa ofisi ya kazi mjini Mtwara, muda si mrefu baada ya uhuru. Nilikuwa binti wa Mikindani niliyemaliza darasa la nane na kujifunza kupiga chapa, na katika masjala nilikuwa mwanamke peke yangu. Masjala ni chumba ambamo barua zote za ofisi hupokelewa, hupewa namba na kuwekwa kwenye majalada. Karani Mkuu, mtu wa Lindi, alinisukumia fungu la barua za watu walioomba kazi bandarini.

"Usianzie juu, binti," aliniambia. "Anzia chini. Mtu wetu akiomba kazi huanza na salamu, akaja na habari za mvua, akamtaja mama yake mgonjwa. Ombi lenyewe utalikuta karibu na sahihi."

Ilikuwa hivyo hivyo. Mmoja alitutajia wanawe wote kwa majina, akaomba tumfikirie, asiseme tumfikirie kwa kazi gani. Mwingine alifaa kabisa kuwa dereva wa winchi, lakini mahali pa anwani aliandika, "Nipo pale pale." Jibu lake lilikaa kwenye rafu hadi karatasi ikageuka rangi.

Watu hawa hawakuwa wajinga. Barua kwao ilikuwa kitu cha kumwandikia ndugu, na ndugu huwezi kumtwisha shida yako kabla hujamjulia hali. Afisa Kazi hakuwa na subira hiyo. Akifika mwisho wa barua ya namna hiyo huuliza, "Shida nimeisoma. Sasa anajua kufanya nini?" Waliokwenda kwa mwandishi wa barua sokoni walipata hasara nyingine. Yule bwana alikuwa na hati nzuri lakini barua moja tu kichwani. Mpishi, seremala na mlinzi, wote walitufikia wakiwa "watiifu, wenye uzoefu mkubwa na tabia njema." Afisa Kazi aliziweka pembeni zote. Sikumlaumu, maana hapakuwa na njia ya kujua nani ni nani.

Ofisi hiyo nilikaa miaka kadhaa. Kisha kilipoanza kujengwa kiwanda cha kubangua korosho, nikahamia huko kuwa karani wa ajira. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maombi, kuandika dokezo, yaani maelezo mafupi ya karani kwa mkubwa wake ndani ya jalada, na kuwaita watu kwenye usaili. Wakati huo tulikwisha kuacha "bwana" tukawa "ndugu". Mkubwa wangu alikuwa Afisa Utumishi, kijana wa Moshi. Alikuwa mwadilifu. Hakumpendelea mtu, na cheti alikisoma mbele na nyuma.

Tulihitaji mtunza boila. Boila ndiyo inayotoa mvuke wa kulainishia korosho kabla ya kubanguliwa, na akikabidhiwa asiyeijua huweza kuua watu. Walioomba walikuwa wengi, ila aliyeonyesha kuijua kazi alikuwa mmoja, Rashidi Mponda wa Kilambo, karibu na mto Ruvuma. Barua yake ilikuwa fupi. Alieleza boila aliyoitunza kwenye shamba la mkonge, jinsi alivyopima maji na jinsi alivyosafisha mabomba. Niliipeleka ikiwa ya kwanza juu ya fungu.

Siku ya usaili Afisa Utumishi aliniita ndani. Rashidi alikuwa amesimama mbele ya meza, kanzu yake imepigwa pasi vizuri.

"Dada Mwanahawa, soma jina kwenye barua hii," Afisa alisema.

"Rashidi Mponda."

"Sasa soma kwenye cheti cha kazi alicholeta."

Nilisoma kimoyomoyo. Lilikuwa jina jingine kabisa.

"Cheti hiki ni cha mtu mwingine," Afisa alisema. "Ama amekiokota ama ameiba. Ndugu, nikiita polisi utawaambia nini?"

"Cheti ni changu, mzee," Rashidi alijibu. "Sina la kuongeza."

Nilifahamu palipomkwama. Kwa watu wetu wengi wa kusini, mtoto wa kiume akitoka jandoni hupewa jina jipya. Lile la utoto huachwa huko, na kumwita nalo mtu mzima ni tusi kubwa, watu wamewahi kupigana kwa hilo. Bila shaka Rashidi alianza kibarua cha mkonge akiwa bado hajaingia jandoni. Karani wa shamba aliandika jina alilotajiwa siku ile, wala hakulibadilisha tena hata kijana alipokua na kuwa fundi. Shamba lilipofungwa, cheti kilitolewa kwa jina lililokuwa kitabuni. Sasa meneja alikwishaondoka nchini, na vitabu havikujulikana vilipo.

Lakini mimi ni mwanamke. Mambo ya jando siyasemi mbele ya wanaume. Nilichagua maneno.

"Mzee, kwetu mtu huweza kuwa na jina la utoto na jina la ukubwa. Zaidi ya hapo muulize mwanamume wa huku."

Afisa alinitazama, kisha akamtazama Rashidi.

"Yuko mtu anayekujua kwa majina yote mawili?"

Rashidi alijibu, "Yuko nyapara wangu. Analima muhogo Madimba."

"Mlete kesho asubuhi. Usipomleta, nafasi nampa mwingine, na cheti nakipeleka polisi."

Kesho yake walikuja wote wawili. Nyapara alikuwa mzee mkavu, ndevu nyeupe, amefunga kikoi. Afisa alimpa kiti, akamwuliza kama anamfahamu huyu mtu.

"Namfahamu sana. Boila ya shamba ilikuwa mikononi mwake."

"Anaitwa nani?"

"Rashidi."

"Na zamani?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Hilo silisemi."

"Mzee wangu, nimekuita useme hilo hilo."

"Mimi ni miongoni mwa waliompeleka," nyapara alisema. "Nikilitaja nimemvua nguo mbele yako na mbele ya huyu mama. Nifunge ukitaka."

Afisa alishika kalamu akaiweka. Sikuona hasira usoni pake. Nadhani kwa mara ya kwanza alielewa kwamba hapakuwa na udanganyifu, ila alihitaji kitu cha kuandika kwenye jalada. Ndipo Rashidi alipomgeukia yule mzee.

"Baba, niwie radhi."

Akakaza macho dirishani, akalitaja mwenyewe, mara moja, kwa sauti ya kusikika. Nyapara aliziba uso kwa viganja. Jina lilikuwa lile lile la kwenye cheti. Mimi siliandiki hapa.

Afisa Utumishi alisimama, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kumfanyia mwombaji kazi. "Inatosha," alisema. "Nenda kwenye boila, fundi mkuu akutazame kazi." Rashidi alitoka. Kupitia mlango nilimwona akisimama penye bomba la maji, akanawa uso, akanawa tena, kisha akaelekea kiwandani.

Alipewa kazi. Wiki hiyo Afisa aliniamuru nibandike tangazo langoni: mwombaji yeyote ambaye jina la cheti chake silo analotumia sasa, atangulie kwa hakimu kula kiapo cha majina, hati yake aiambatishe na barua, wala hataulizwa habari nyingine. Watu wengi walikuja na hati hizo. Hakuna aliyesimamishwa tena mbele ya meza ile kama Rashidi.

Rashidi na mimi tulifanya kazi kiwanda kimoja kwa muda mrefu. Tulisalimiana, tuliulizana habari za watoto. Siku ile hatukuizungumza hata mara moja, naye nyapara alipofariki ni Rashidi aliyesimamia maziko.

Sasa nimestaafu, nakaa Chuno. Vijana huniletea barua zao nizipitie. Salamu ndefu zimepungua, lakini majivuno ya kukopa yapo bado. Juzi mjukuu wa dada yangu aliniletea yake, ameandika kwamba yeye ni mchapakazi hodari anayejituma. Nilimuuliza amewahi kufanya kazi gani. Akasema hajawahi kufanya kazi. Nikamuuliza nani alimhudumia bibi yake alipopooza. Akasema ni yeye: kumgeuza, kumwogesha, kumpa dawa kwa wakati, kwenda hospitali na kurudi. Anaomba kazi hospitalini, na hayo yote hakuyaandika.

"Bibi, hayo nayo huandikwa?" aliniuliza.

Nilimpa karatasi nyingine.