Bwana Gramu Apima Magari Mawili

Sokoni walimwita Bwana Gramu, na walimwita hivyo akiwa amekwisha kata kona, maana mbele yake hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka kumi na tisa alikuwa akiingia dukani kwa mtu na kisanduku chake cha mawe ya shaba, anaweka jiwe la kilo moja juu ya mizani, anarudi hatua moja nyuma na kukodoa macho. Mizani ikisema kilo, anagonga muhuri na kwenda zake bila kuaga. Ikidanganya hata kidogo, anatoa karatasi nyekundu yenye gundi mgongoni, iliyoandikwa IMEKATALIWA, na kuibandika kwenye uso wa mizani mbele ya wateja, mwenye duka atajua mwenyewe pa kuficha sura. Muhuri uliopitwa na wakati aliuona akiwa bado mlangoni. Kipaji hicho alijivunia kuliko watoto wake.

Kwa mtu mnyoofu namna hiyo ungedhani na nyumbani kwake mambo yamenyooka. Thubutu. Nyumbani kulikuwa na gari jekundu la spoti, la viti viwili, lililolala chini kiasi kwamba kuingia ndani yake ni kama kuketi kwenye beseni. Alilinunua akiwa kapera, na kapera husamehewa mengi. Lakini tangu hapo ameoa, amepata watoto wawili, na mama yake mzazi amehamia chumba cha mbele, na viti vimebaki vilevile viwili. Familia ilisafiri kwa awamu. Wakialikwa mahali, mama alifikishwa kwanza na kuachwa langoni na mkoba wake, kisha akaletwa mke, kisha watoto waliopakatana kiti kimoja, kinyume cha sheria ambayo mkaguzi aliijua vizuri sana. Kufikia hapo wenye shughuli wanakunja viti.

Mkewe alikuwa mshona mapazia, na fimbo za mapazia hazikunjiki. Kila alipopeleka kazi ya mteja alikodi pikapu, huku gari la mumewe limetulia uani chini ya kifuniko alichokishona yeye mwenyewe, kwa amri ya mume, kwa kitambaa kizuri kuliko pazia lolote la nyumba ile. Gari hilo alikuwa akiliita mke mwenzangu. Jumapili akimkuta mume amepiga magoti na kitambaa laini, alimuuliza kama mke mwenza ameshaoga, na mume alijibu kwa uzito wote kwamba bado magurudumu.

Kisha likaja jaribu. Mwenye yadi ya magari, ambaye kwa miaka alikuwa akilimezea mate lile jekundu, alipendekeza wabadilishane gari kwa gari. Yeye angetoa gari jeusi la kifahari la milango minne, lenye viti vya ngozi vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, na buti ambamo mke aliingiza kichwa na mabega kisha akachelewa kutoka. Alitaka jibu Jumamosi kabla ya saa sita mchana, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anayeliulizia. Wenye yadi wote wana mtu mwingine.

Bwana Gramu alitangaza kwamba jambo hili halitaamuliwa kwa moyo. Litapimwa. Akajifungia wiki nzima na rula na penseli, na Jumamosi baada ya chai akatandaza mezani jedwali lililopigwa mistari kama daftari la mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Kulikuwa na safu mbili, moja ya jekundu na moja ya jeusi, na vipengele vya kutolea alama: mwonekano, sauti ya injini, sauti ya injini asubuhi, wepisi kwenye kona, urahisi wa kuegesha, unywaji wa mafuta, upepo usoni, historia, upekee. Kila kipengele alama kumi. Chini kabisa, kwa herufi za kubanana, akaweka safari za mama za kliniki, alama moja. Akasoma matokeo kwa sauti ileile ya kuwasomea wenye maduka makosa yao: jekundu sabini na moja, jeusi arobaini na nne.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Mimi sina upande."

Mama, ambaye magoti yake yalikuwa hayakunjiki tangu mwaka jana, aliendelea kunywa chai yake. Mke aliangalia jedwali kwa muda mrefu, kama anavyoangalia pindo lililoshonwa upogo.

"Jiwe lako la kilo liko wapi?" aliuliza.

Mume akauliza jiwe la nini tena.

"Ukiingia dukani kwa mtu huanzi na sukari yake. Unaanza na kitu ambacho uzito wake unajulikana, uone kama mizani inasema kweli. Basi na mimi nataka kukagua."

Akachukua penseli, akachora safu ya tatu na kuandika juu yake: Toroli. Alimaanisha toroli la nyuma ya nyumba, la marehemu baba mkwe, lenye gurudumu moja na kutu ya kutosha nyumba tatu. Akaanza kumhoji mumewe kipengele kwa kipengele, na mume, kwa kuwa uaminifu ndio uliokuwa ukimlisha, alilazimika kujibu. Kwenye kona? Linageuka palepale lilipo. Kumi. Kuegesha? Unalisimamisha ukutani. Kumi. Mafuta halinywi. Upepo usoni ni wote. Historia lilikuwa nayo kuliko kitu chochote pale nyumbani, na upekee haukuwa na ubishi, kwa kuwa mtaa mzima hakuna mwingine mwenye takataka kama ile. Jumla ikawa sitini. Toroli lilikuwa limelishinda gari la kifahari la viti vya ngozi kwa alama kumi na sita, na mama alicheka hadi akalazimika kushika kikombe kwa mikono miwili.

Mke hakucheka. Aliuendea mkoba wa kazi wa mumewe, akatoa karatasi nyekundu, akaibandua na kuibandika katikati ya jedwali. Akaipapasa na pembeni ili ishike vizuri.

Bwana Gramu alijisikia vile walivyojisikia watu wa sokoni kwa miaka kumi na tisa, na hakupendezwa hata kidogo. Alijitetea kwamba mizani yenye kasoro haitupwi, hurekebishwa. Labda kipengele cha kuegesha kiondolewe, toroli lishuke. Alikuwa tayari ameshika kifutio.

"Anzia chini," mke alisema. "Kwa nini mama ana alama moja?"

Akaeleza kwamba kliniki ni mara moja tu kwa mwezi, na isitoshe siku hizi mama huongozana na jirani, kwa hiyo gari halihusiki.

Mama akaweka kikombe chini.

"Hiyo moja nayo ifute, mwanangu. Kliniki siendi."

Kisha akaeleza, bila kumwangalia mtu. Safari ya mwisho wahudumu wawili walimvuta kutoka kwenye kile kiti, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, gauni likampanda juu ya magoti, na benchi zima la wagonjwa likanyamaza na kutazama. Mwanawe hakuona, alikuwa akimweleza mlinzi habari za injini. Tangu hapo, siku ya kliniki ikifika, alibeba mkoba, akaenda kuketi barazani kwa jirani mpaka mchana, akarudi na kusema daktari anakusalimia.

Na mwanawe kila mara alikuwa akijibu, vizuri.

Kadi ya kliniki ilikuwa juu ya friji. Alikuwa akiiwekea funguo za gari juu yake kila jioni na kuziondoa kila asubuhi. Sasa aliichukua na kuifungua. Miezi mitano mfululizo visanduku vilikuwa vitupu, bila muhuri hata mmoja.

Akachukua funguo, akatoka bila kuaga. Njia ya kwenda yadi ni ya dakika kumi. Yeye alitumia saa nzima, na waliokuwa mtaani wanasema waliusikia ule mngurumo ukizunguka mzunguko wa barabara mara nne. Lakini saa sita kasorobo uani kulikuwa na gari jeusi, na mke alikuwa anapima buti lake kwa fimbo ya pazia.

Siku ya kliniki Bwana Gramu alivaa koti. Aliegesha mbele kabisa ya lango, akashuka, akazunguka gari kwa hatua za heshima, akaufungua mlango wa mama hadi mwisho na kunyoosha mkono. Kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amebonyeza kitufe, kiti kikampandisha, akashuka kwa mlango uleule na kuurudishia kabla mwanawe hajamaliza kufunga vifungo vya koti. Alikuwa tayari benchini, wa tatu kwenye foleni, gauni limetulia, mkoba mapajani, kadi mkononi.

"Funga mlango, mwanangu," alimwambia. "Umewazibia watu njia."