Mfanyabiashara Aliyepotewa na Maneno

Habari za kifo chake zilinifikia Ijumaa, baada ya swala, zikiwa zimechelewa kama habari nyingi za Bujumbura siku hizi za vita. Alikuwa muuza vitambaa mwenye asili ya Omani, mtu wa kelele na vicheko, aliyebembeleza wateja kwa Kirundi, akawatania kwa Kifaransa na kugombana na wanawe kwa Kiswahili. Kiharusi kilimkuta dukani akikata kitenge. Mkono wa kulia ulilegea, mkasi ukaanguka, na alipofungua kinywa yakatoka maneno yasiyoeleweka. Daktari alimweleza mkewe kwamba kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, damu ikavuja ndani ya ubongo, na kuna cha mshipa kuziba. Chake kilikuwa cha kuziba, tena upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Akawa anaelewa karibu kila analoambiwa, ila kujibu hawezi.

Lililomtenga zaidi ni sala. Akiswali, Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, ilimtoka yote bila kukwama. Jirani aliisikia dirishani, akamwuliza mke wa mgonjwa, "Kusali anaweza, sisi kutusalimia apana? Anatuchukia?" Katika mji ambao kila mtu alikuwa akijiuliza jirani yake yuko upande gani, kimya chake kikapewa maana. Rafiki zake wa kahawa wakaacha kuja, mmoja baada ya mwingine. "Daktari anasema maneno ya tangu utoto yanapita njia ingine kwenye kichwa," mkewe aliniambia. "Lakini nani atanisikiliza mi?"

Mara ya mwisho nilipomtembelea, saa ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia. Nilipoinuka, alishika birika kwa mkono wa kushoto, akanijazia tena kikombe, kahawa ikamwagika kwenye sinia, akakisukuma mbele yangu. Alijaribu kusema, "Ka... ka..." kisha akafumba macho kwa hasira.

"Kunywa," mkewe akasema. "Wiki hii mutu aliyekuja ni we tu."

Nikakaa, nikanywa.

Juzi kwenye matanga viti havikutosha. Kila mtu alikuwa na kisa cha utani wa marehemu. Mkewe aliwatazama, akasema taratibu, "Alikuwa anawasikia mukipita barabarani. Kila mutu alimujua kwa sauti."

Mgonjwa wa namna hii hupotewa na maneno, lakini watu bado anawataka. Tukienda kumwona, tusingoje atuambie karibu. Tuvute kiti, tukae.